Mashine Iliyokuja Kutuendeleza

Mimi nimeendelezwa mara nyingi katika maisha yangu, na bado niko hai. Nashukuru, kwa sababu nawajua walioendelezwa mara moja tu na hawakuinuka tena.

Mara ya kwanza nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Bwana yangu alifanya kazi kwenye tanuru, kule ambako mawe yanayeyuka kuwa shaba, na Kampuni ilikuwa baba yetu, mama yetu na mjomba wetu. Ilitupa nyumba, ilitupa unga kwa gunia, ilitupa na king'ora cha kutukumbusha kwamba kumekucha, maana sisi wenyewe tusingeliona jua. Wake za wafanyakazi tulipelekwa kwenye jumba la mafunzo tukajifunze kushona vitambaa vya kufunika viti. Viti hatukuwa navyo, lakini vitambaa tulikuwa navyo vingi. Humo ndimo nilimofundishwa kusoma na kuandika, na shule yangu yote ikaishia humo, baina ya sindano na uzi.

Majina ya wote nitakaowasimulia ninayo kichwani: la mtu, la baba yake, na la kijiji alikotoka mama yake. Siyaandiki. Lubumbashi ni mji mkubwa kwenye ramani tu. Mtu ukimtaja asubuhi hapa Kamalondo, kabla ya mchana shangazi yake amesimama mlangoni kwako, mikono kiunoni.

Kampuni ilizeeka kabla yetu. Bwana yangu alirudi nyumbani na kofia yake ya kazini na kikohozi, akavitunza vyote viwili mpaka alipofariki. Wakubwa wakatuambia kwamba wakati wa kubebwa mgongoni umekwisha, sasa kila raia awe kampuni yake mwenyewe. Mimi nikatii. Nilikuwa na sufuria mbili kubwa. Nikaziteua kuwa wakurugenzi, nikaanza kutengeneza munkoyo.

Kwa asiyeujua, munkoyo ni kinywaji cha mahindi. Unapika uji mzito. Pembeni unaponda mizizi ya mti unaoitwa munkoyo vilevile, ambayo akina mama wanatuletea kutoka porini nyuma ya Kasungami, imefungwa mafungu kama kuni ndogo. Unaiponda mpaka inakuwa nyuzi, unailoweka, halafu unaitia ndani ya uji. Uji uliokuwa umesimamisha mwiko unalegea wenyewe, unakuwa mwepesi kama maji, tena mtamu bila sukari. Siku ya kwanza ni wa watoto na wagonjwa. Siku ya pili unachangamka. Siku ya tatu ni wa wanaume wasiopenda kufika nyumbani mapema.

Siri iko mahali pamoja tu: uji usiwe wa moto sana mizizi inapoingia. Ukiwa wa moto, mizizi inakufa, na uji unabaki uji. Mama yangu alinifundisha kipimo. Unachovya kidole ndani ya uji na kutaja majina ya watoto wote wa mama yako, kwa mpangilio, pamoja na waliokufa wadogo. Ukishindwa kufika mwisho kwa kuungua, ngoja. Ukifika kwa mtoto wa mwisho na kidole bado kimo, tia mizizi. Kwetu tulizaliwa tisa, na mimi kila siku ya kazi nawaita wote tisa. Ndiyo maana sijawasahau.

Mwenzangu kazini ni jirani yangu, mjane wa Kiislamu, ukoo wao ulitoka Maniema zamani za babu zao, na mume wake alikuwa fundi cherehani. Tunapika kwa zamu katika ua wangu. Yeye anauza wa siku ya kwanza tu. Wa siku ya tatu ananiachia mimi Mkatoliki, kwa sababu, anavyosema, dini yangu ina uvumilivu. Kwa sufuria hizo nimelea watoto saba, na sasa wajukuu wanne wanaolala kwangu wanakula kutoka humohumo.

Basi siku moja maendeleo yakapiga hodi tena. Safari hii yalikuwa na jina la projé, yaani mradi, na yaliletwa na enjenyeri mmoja, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mpole, amevaa koti jeupe kama la daktari. Akatukusanya akina mama tunaotengeneza munkoyo mtaani, tukawa kumi na wawili, akatueleza hali ya nchi.

Alisema nchi yetu imekosea njia. Inachimba mawe, inayauza mawe, halafu inanunua kwa bei ya juu vitu vilivyotengenezwa kwa mawe yaleyale. Nchi nyingine zilizokuwa maskini kama sisi zilijenga viwanda, zikaanza na vidogo, nguo, vyakula, vinywaji, na leo zinatuuzia sisi. Kwa hiyo na sisi tutaanza na kidogo. Tutaanza na munkoyo.

Nilimsikiliza kwa heshima. Habari ya mawe alikuwa anamwambia mjane wa tanuru. Malori ninayaona tangu nikiwa kijana yakienda mpakani na shaba, na ninayaona yakirudi na juisi za boksi na vijiti vya kuchokolea meno. Miti tunayo, meno tunayo, lakini kuchonga kijiti, inaonekana, kunataka akili ya ng'ambo.

“Sasa, bamama,” akasema, “mutaacha kupika mu lupango, mu ua wa nyumba. Mashine njo itapika.”

“Na siye tutafanya nini?” jirani yangu akauliza.

“Mutakuwa bafanyakazi ba kiwanda. Na mushahara kila mwezi.”

Wenzangu kumi walipiga vigelegele. Jirani yangu alinitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama karatasi aliyotuletea tutie sahihi. Ilisema, kwa Kifaransa kirefu, kwamba siku mashine itakapozinduliwa na kukubaliwa na wakubwa, sisi wanachama hatutatengeneza tena munkoyo nyumbani, wala kuuza mlangoni. Enjenyeri alitusomea hivyo kwa Kiswahili, hakutuficha. Wengine walitia dole gumba. Mimi nilitaka waone kwamba najua kuandika, nikachukua kalamu na kutia jina langu lote, herufi za kuunganishwa, zenye mikia. Jina zuri ajabu. Kwa jina hilo nilikuwa nimezifukuza kazi sufuria zangu mbili.

“Yaya,” jirani yangu akaniambia, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, tulipokuwa njiani kurudi, “weye ulisoma juu ya kushona batambaa. Leo umejishona mudomo.”

Mashine ilikuja kutoka mbali, ikaingilia Mokambo, na pale mpakani ikasimama kwa sababu ya makaratasi. Ilisimama muda mrefu sana. Waliokuwa wanapita kwa biashara walituletea habari zake kama za ndugu aliye hospitali: leo wameifunika turubai, leo imenyeshewa, leo mama mmoja ameanika vitenge juu yake. Hatimaye ikafika Kamalondo juu ya lori, inang'aa, na mtaa mzima ukatoka kuitazama. Ilikuwa na pipa kubwa la chuma cheupe, mabomba, saa mbili za kuonyesha joto, na bomba dogo la mwisho la kujazia chupa. Enjenyeri alifungua kifuniko cha pembeni ili afunge umeme, nikaona nyaya nyekundu.

“Ile ni nini?” nikauliza.

“Ni kuivre, Nkambo,” akasema, akiniita bibi. “Shaba.”

Nikasogea karibu nikaisalimu. Huwezi kujua. Pengine bwana yangu ndiye aliyeiyeyusha, ikaenda ng'ambo kusoma, na sasa imerudi kutufundisha kupika.

Wiki ya kwanza hakukuwa na umeme. Wiki ya pili ulikuwapo, na tukaitwa kwenye jaribio, sisi kumi na wawili, tumevaa kofia za nailoni. Enjenyeri alimimina maji, unga, na mizizi yetu tuliyokwisha kuiponda, vyote kwa pamoja, akafunga kifuniko, akawasha.

“Baba,” nikamwambia, “mizizi inangoja. Haiingie na moto.”

“Nkambo, tunapashwa kuchemsha yote, juu ya kuua tududu.”

“Utaua na munkoyo.”

“Sasa kwenu munapima namna gani?”

Nikamweleza kidole na watoto wa mama yangu. Alisikiliza vizuri, hata hakucheka mwanzoni. Kisha akaniuliza, “Majina tisa ni degré ngapi?”

“Inategemea. Kaka yangu wa tatu ana jina refu.”

Hapo alicheka, wenzangu nao wakacheka, na mashine ikaanza kuchemka. Ilichemka vizuri, siwezi kuisingizia. Tududu twote tulikufa. Kisha akafungua bomba la kujazia chupa, hakikutoka kitu. Akagonga bomba kwa ufunguo wa chuma. Kikatoka kipande kimoja cheupe, kinene, kikaning'inia. Tulifungua kifuniko cha juu tukakuta bukari, ugali wetu wa mahindi, pipa zima, imekaa imara. Tuliichota kwa miiko mpaka jasho likatutoka. Jirani yangu aliagiza sombe, mboga ya majani ya muhogo, kutoka nyumbani kwake, tukaila. Hilo ndilo zao la kwanza la viwanda ambalo nimewahi kula kutoka kwenye mashine ya mtaa wetu, na kusema kweli lilikuwa limeiva.

Alijaribu tena, akapunguza unga. Bukari laini. Akajaribu mara ya tatu, akaongeza mizizi. Bukari chungu. Kila mara nilimwambia angoje uji upoe, na kila mara alinionyesha kitabu cha mashine, ambacho hakikuwa na ukurasa wa kungoja. Mashine hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya maziwa ya nchi nyingine. Munkoyo haikuwahi kuusikia, maskini.

Siku moja kabla ya uzinduzi, saa sita mchana, enjenyeri alikuja uani kwangu bila koti lake jeupe. Alichuchumaa karibu na jiko, kama mtoto aliyevunja kitu.

“Nkambo, mukubwa anakuya kesho. Televizio inakuya. Barua bamekwisha kutuma.”

“Na mashine?”

“Iko na bukari mu mabomba.”

“Mupatie mukubwa bukari. Yeye hana tumbo?”

Hakucheka. Akaniambia kwamba mama yake yuko peke yake na wadogo zake watano, na kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza tangu atoke chuo kikuu, miaka mingi amekaa na diploma kwenye bahasha. Akataka nipike sufuria zangu mbili, amimine munkoyo wangu ndani ya pipa la mashine, na bomba litoe.

Jirani yangu alikuwa anachagua mizizi pale pembeni. Alingoja mpaka yule kijana akatoka kwenda kunywa maji.

“Yaya, sikia muzuri. Kesho kama mashine inashindwa, banaenda, siye tunabakia na masufuria yetu. Kama mashine inatoa munkoyo, banafunga hapa. Na weye njo unataka kuipikia?”

“Ni mutoto wa bantu.”

“Na bale bane mu nyumba yako ni batoto ba mbuzi?”

Nitasema ukweli, kwa sababu kwa umri wangu uongo unachosha. Nilimhurumia, ndiyo. Lakini pia nilitaka mkubwa, mbele ya televisheni, anywe kitu kilichotoka mikononi mwangu. Miaka yote hiyo nimekuwa nabadilisha mahindi kuwa kinywaji, na hakuna aliyewahi kuja kunikatia utepe. Basi nikapika. Nilichovya kidole, nikawaita tisa wote, nikatia mizizi. Jirani yangu alinisaidia kuchuja huku amenuna, na hakuniaga alipokwenda.

Asubuhi walifunga utepe mlangoni mwa kibanda. Tulipewa vitenge vya sare. Mkubwa alifika baada ya kuhakikisha kwamba tumemngoja vya kutosha, mtu mnene, wa kupendeza, ana sauti ya kanisani. Alikata utepe, watu wakapiga makofi. Enjenyeri alifungua bomba, na munkoyo wangu ukatoka, mwepesi, mweupe, unameta. Wakajaza chupa. Wakajaza na glasi moja ya mguu mrefu kwa ajili ya mkubwa.

Akanywa. Akafumba macho. Akanywa tena. Nilisikia raha hapa kifuani, siwezi kuficha. Kama angenyamaza hapo, mimi leo ningekuwa nimevaa kofia ya nailoni.

Lakini mkubwa hawezi kunywa bila kuhutubia. Alisema leo tumeingia katika safu ya nchi zinazotengeneza. Alisema shaba ilitudanganya, sasa tumeamka. Kisha akainua glasi juu, kamera ikaifuata.

“Wananchi, tazameni tofauti! Huu ni munkoyo wa kisasa, safi, wa mashine. Ule mwingine mnaujua: uchafu wa nyuma ya nyumba, unaotengenezwa na mikono isiyojua sabuni. Kuanzia Jumatatu, sufuria zote hizo za uani tutazifunga!”

Makofi. Wenzangu nao walipiga, kwa ajili ya mshahara. Nikamtazama jirani yangu. Hakupiga. Alikuwa amekunja mikono ndani ya kitenge chake kipya, ananitazama kama mtu anayengoja basi ambalo anajua litachelewa.

Nikasimama.

“Baba mukubwa,” nikasema, “unisamehe. Ile uchafu njo unakunywa.”

Walidhani ni mzaha wa bibi kizee. Mtu wa kamera alicheka. Mkubwa alitabasamu kwa ukarimu.

“Mama anasema nini?”

“Nasema ile munkoyo nimeipika miye, jana, kwangu, nyuma ya nyumba. Kwa hii mikono. Sabuni inaijua, unaweza kuja kuuliza. Mashine yenu iko na bukari mu tumbo tangu juma lililopita. Mufungue muone.”

Hakuna aliyefungua. Mkubwa alimgeukia enjenyeri, na mimi nikajua nimemponza mtoto wa watu. Kijana angeweza kuniita mwehu, na wote wangemwamini. Bibi kizee kuwa mwehu si habari. Alitazama chini, akatazama mashine, kisha akasema polepole, “Excellence, Nkambo anasema kweli.”

Mkubwa alikuwa amekwisha kupiga funda jingine, na munkoyo bado ulikuwa mdomoni. Nilimwona anafikiria. Kuutema mbele ya televisheni hakuwezekani. Alimeza. Kisha akasema kwamba kila kiwanda duniani kina kipindi chake cha marekebisho ya kiufundi, akakabidhi glasi, akaingia garini. Utepe ulikuwa umekwisha kukatwa, kwa hiyo kiwanda kilihesabika kimezinduliwa. Kwa ninavyojua, kimebaki kimezinduliwa mpaka leo. Kibanda kina kufuli, na ndani yake, ikiwa panya hawajafika, kuna bukari.

Enjenyeri hakurudi kwenye projé. Alikuja kuniaga akiwa amebeba begi. Amepata kazi kwenye mgodi, upande wa njia ya kwenda mpakani, anaangalia mashine ya kusaga mawe. Nilimuuliza kama hiyo inafanya kazi. “Iyo, Nkambo,” akasema, “ile haina na shida hata siku moja.” Bila shaka. Mashine za kuondoa mawe hapa hazijawahi kukwama Mokambo.

Wenzangu kumi waliacha kunisalimia. Mmoja alinisimamisha njia panda, mwanamke niliyemshika mkono siku anazaa mtoto wake wa kwanza, akaniambia mbele ya watu, “Weye ulikuwa na masufuria. Siye tulikuwa na ule mushahara tu.” Nilitaka kumwambia kwamba mshahara huo haukuwahi kutoka kwenye karatasi. Lakini mimi nami niliitia karatasi hiyo jina langu, na nilijua ladha ya kuamini kitu kilichopigwa muhuri. Nikampisha apite.

Jumatatu ikafika, siku ya kufungwa. Wajukuu walikuwa wamekwenda shule. Nilitoa sufuria zote mbili, nikaziweka mlangoni, mahali pao pa siku zote, nikaweka na vikombe. Jirani yangu alileta kiti chake akakaa upande wangu. Bado alikuwa hajanisamehe kwa kupika, na bado alikuwa hajanipongeza kwa kusema. Mafundi cherehani wa mtaa walikuja kama kawaida, wakapanga mstari, wakachungulia huku na huku kuona kama askari wanakuja.

Kukaja gari. Jeusi, vioo vyeusi. Jirani yangu alivuta sufuria ya siku ya kwanza, akaiweka baina ya miguu yake, akaifunika kwa kitenge cha sare. Mimi nilibaki nimekaa.

Akashuka dereva peke yake, amevaa tai, ameshika bidoni ya lita ishirini, tupu.

“Jambo, bamama,” akasema, akitazama viatu vyake. “Mukubwa amenituma. Anaomba ile ya siku ile.”

“Ile ya mashine?” nikauliza.

“Hapana, Mama.” Akapunguza sauti. “Ile ya nyuma ya nyumba.”

Jirani yangu aliondoa kitenge juu ya sufuria.

“Ya siku ya kwanza ao ya siku ya tatu?” akamuuliza, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Dereva alifikiri. Kisha akasema ya tatu, na mafundi cherehani wakaangua kicheko mpaka mmoja akamwaga kikombe chake. Nilichukua bidoni, nikainusa, nikamrudishia akaioshe kwanza bombani kwa sabuni. Alipoirudisha nilimwonyesha mwisho wa mstari, nyuma ya yule fundi wa suruali, na akaenda kusimama.